Simu Yangu Inashinda Kwenye Gari la Mume Wangu

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla gari la mume wangu halijasema. Naandika kwa mkono, nyuma ya karatasi ya kukatia nguo, kwa sababu simu sina, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa sebuleni kwangu, na mume wangu ni dereva wa teksi, mtu mcheshi, abiria wake wote wanamwita Bosi. Miezi michache nyuma alinunua skrini ya kugusa akaifunga kwenye dashibodi, na hiyo skrini yenyewe haina akili, akili yote inatoka kwenye simu, unachomeka waya, ramani inatokea, muziki unatokea, na mtu akipiga, sauti yake inatoka kwenye spika zote za gari. Sasa simu yake yeye ni kitochi cha vitufe, haiwezi kazi hiyo, akaniomba yangu, nami nikampa nikidhani ni ya siku mbili tatu, kumbe ndiyo imehamia huko, inaondoka naye asubuhi inarudi jioni ina moto, na wateja wangu siku hizi wanaongea na gari. Kuna mteja alipiga kulalamika, akasema kwa sauti yake ile ya kuita mtu ng'ambo ya barabara kwamba gauni limembana kifua hata hapumui, na kumbe kiti cha nyuma kakaa mchungaji na mkewe. Mume wangu alirudi kunisimulia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka, mshauri. Siku hizo hizo nilikuwa nashona gauni la mteja mwenye mwili kama wangu, nikalivaa mwenyewe nilipime, na nilipokuwa nabana pini ubavuni mkono ukagusa kitu kwenye titi, kigumu, kama punje ya harage. Nikaaga kwamba nakwenda kununua nyuzi, nikaenda hospitali peke yangu, daktari akanichoma sindano akachukua kipande kidogo cha kupeleka maabara, nesi akaniuliza namba ya kunipigia majibu yakiwa tayari, nami kwa mazoea nikataja namba yangu. Nimeshafika nyumbani, nimeshakaa kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedali, ndipo nikakumbuka namba hiyo inashinda wapi.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie. Dada yake, wifi yangu niliyempenda kama ndugu wa tumbo moja, aliondoka kwa saratani ya titi, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali hiyo hiyo na kumrudisha, kwa gari hilo hilo, amelala kiti cha nyuma kafunikwa shuka. Baada ya mazishi aliliegesha gari nyuma ya nyumba, likaota majani, ukimtajia kazi anainuka anatoka nje. Hiyo skrini ndiyo iliyomrudisha barabarani, anaifuta kwa kitambaa chake mwenyewe kila asubuhi, hataki mtu aishike na mikono ya mafuta, na mimi ndiye niende nikamwambie maneno yale yale aliyoyasikia kwa dada yake? Nikiidai simu ataniuliza naitaka ya nini, na mimi kudanganya sijui, uso wangu unanisaliti.

Silali, mshauri, na chakula hakipiti, juzi nimekata mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja. Kila akirudi naangalia uso wake kabla ya kumsalimia. Na tangu wiki iliyopita naye amebadilika, anakuja kula mchana nyumbani, jambo ambalo hakuwa nalo, anaiweka simu mezani karibu na mkono wangu, ananitazama nikishona, ananiuliza, "Hujachoka?" Namjibu, "Sijachoka." Anaosha sahani yake, anachukua simu, anaondoka. Jirani aliyepanda gari lake ananiambia skrini siku hizi iko giza, waya unaning'inia, simu kaiweka mfuko wa shati. Sijui ni huzuni ile inamrudia, au amepata mwanamke huko nje hataki simu ziite mbele ya watu. Nifanyeje, maana nikisikia gari linaingia uani moyo unanipasuka.

Fundi mwenye moyo juu juu

*

Fundi, pole sana. Pole kwa uvimbe, na pole zaidi kwa kusubiri, maana kusubiri nako ni ugonjwa. Barua yako nimeipitisha mbele ya wenzako walioandika kabla yako, wanisamehe. Sasa nikugombeze kidogo.

Umekwenda kuchomwa sindano peke yako kwa kisingizio cha nyuzi, halafu umejikunja kwenye cherehani kuisubiri simu kana kwamba majibu ni mali yake. Hospitali ina mlango, mama. Majibu ni yako, yafuate. Na wewe umeshajihukumu kabla ya maabara kusema neno. Uvimbe mwingi wa titi si ugonjwa ule uliomchukua wifi yako, na hata ukiwa wenyewe, anayewahi ana nafuu kubwa kuliko anayekaa kukata mikono miwili ya kushoto. Mficha uchi hazai.

La pili nitalisema polepole. Hebu isome tena barua yako pale mwishoni. Mwanamume aliyeipenda skrini ile hivyo leo ameizima mwenyewe, na simu yako anaibeba mfukoni, abiria wasisikie itakapoita. Anakuja mchana, anaisogeza karibu na mkono wako, anakuuliza kama hujachoka. Mimi si mpiga ramli, naweza kukosea, lakini barua za ndoa nimezisoma nyingi, na sijaona mwenye hawara anayerudi mchana kuosha sahani. Nadhani nesi alishapiga. Majibu hakumpa, ila alisema anatoka hospitali gani na anamtafuta nani, na gari zima likasikia. Mumeo anasubiri umwambie, anaogopa kukuuliza. Wewe unamlinda kwa kunyamaza, naye anakulinda kwa kunyamaza, na mnakula meza moja.

Unasema hutaki kumrudishia machungu. Machungu anayo tayari, na anazunguka nayo mjini peke yake huku akiwachekea abiria.

Basi fanya hivi. Kesho akija mchana, funika cherehani. Mwache ale kwanza, mwenye njaa hasikii. Akimaliza, chukua simu yako mezani uitie kwenye mkoba, ni yako, na tangu kesho ishinde kwako. Kisha mwambie, "Twende garini." Usipande nyuma, nyuma alilala dada yake. Kaa mbele, funga mkanda, umwambie kwa mdomo wako kwamba umepata uvimbe, umepimwa, na unataka akupeleke mkachukue majibu pamoja. Akilia, mwache alie, umpe kitambaa kile anachofutia skrini. Na skrini yenyewe muiache giza. Njia ya hospitali ile anaijua bila ramani.