Chumba Nilichomnunulia Mama

Jumapili, Julai. Baridi.

Mlima Meru haujaonekana tangu Alhamisi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme, na manyunyu haya ya Julai hayanyeshi wala hayakomi. Leo sikwenda kanisani. Nimevaa sweta juu ya sweta, nimekaa sebuleni kwangu, na nimelia.

Kwangu. Bado naliandika neno hilo kwa raha kidogo, hata leo.

Nilipokuwa mpangaji Sombetini sikuwahi kulia kwa sauti. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya nami nasema pole. Ukitaka kulia unafungulia redio kwanza. Leo nimelia bila redio, nikapenga kamasi kwa nafasi yangu, hakuna aliyegonga kuuliza kulikoni. Labda hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuwa na nyumba.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule karibu na soko la Kilombero, hapa mjini. Kazi hii imenizoeza kukata kulingana na kitambaa kilichopo mezani. Mteja anaweza kutaka gauni la kuburuza chini, lakini kama ameleta kitambaa cha blauzi, atavaa blauzi. Kwa hiyo watu waliponishauri ninunue kiwanja kikubwa huko mbali, nimwage msingi, halafu niongeze tofali kila nikipata, niliitikia tu kwa kichwa. Misingi ya namna hiyo naiona kila siku. Majani yameota katikati ya vyumba, mbuzi wanapanda juu kuota jua, na mwenyewe bado amepanga chumba kwa watu.

Nikanunua kilichowezekana. Vyumba viwili, sebule, jiko la kuingia mtu mmoja, choo cha ndani. Iko Terrat, pembezoni mwa mji. Ilijengwa iwe banda la uani, mahali pa kujibanza wakati nyumba kubwa ya mbele ikijengwa. Mwenyewe akaishiwa, akauza sehemu ya mbele kwa mtu mwingine na banda akaniuzia mimi. Huyo wa mbele ameziba kwa ukuta mrefu, kwa hiyo ukifungua mlango wangu unatazamana na tofali. Nikikung'uta mkeka uani, vumbi linaingia kwenye chai ya jirani. Wenzangu sokoni walipata la kunitania, ati fundi naye siku hizi ana nyumba ndogo, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Siku niliyokabidhiwa ufunguo nilicheka peke yangu njia nzima.

Lakini mtu mmoja hahitaji vyumba viwili. Kile cha pili nilikinunua kwa ajili ya mama.

Mama yangu anaishi juu mlimani, upande wa Poli, kwenye kihamba chetu, lile shamba la migomba na kahawa ambalo nyumba imo katikati yake. Tangu baba afariki, kihamba ni cha mdogo wangu Elibariki, kitindamimba, kama ilivyo desturi kwetu. Elibariki si mtu mbaya. Akiniona ananipa shikamoo yangu na kunipokea mzigo. Ila ana watoto wa kusomesha, na siku hizi huko juu kila mtu anang'oa kahawa na migomba apande parachichi za kuuza nje. Parachichi zake zimesogea msimu kwa msimu, na sasa zimefika kwenye kona iliyobaki na nyumba ya mama.

Nyumba yenyewe imechoka, na jiko lake linavuja. Masika moja nilimkuta anakoroga uji huku amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Ananichekea. Mimi sikucheka. Wiki ile ile nilijiunga na kikoba cha kuweka na kukopa cha akina mama wa sokoni, na tangu hapo kila sare niliyoshona nilikuwa namshonea yeye, ingawa hakujua.

Chumba chake nilikiandaa kabla ya changu. Seremala nilimwambia afupishe miguu ya kitanda kwa sababu ya magoti yake. Pazia nilishona mwenyewe, nikalitia bitana nzito ya kuzuia baridi. Nikatafuta kigoda cha jikoni, maana mama hajawahi kupika akiwa amesimama. Mimi nimekuwa nikilala kwenye godoro sakafuni na wala sikuona shida.

Jana akaja.

Nilimfuata kwa gari la kukodi ili ashuke mlangoni kama mgeni rasmi. Alikuwa amevaa kitenge cha kwaya ya akina mama, kuku yuko mapajani, na nyuma ya gari mkungu wa ndizi. Kabla hajavuka kizingiti akasimama, akaomba. Aliomba kwa Kimeru, kwa muda mrefu, mpaka dereva akazima gari na kuvua kofia.

Kisha akaingia chumba kwa chumba. Alipapasa ukuta. Alikaa kitandani, akakuta miguu yake inafika chini. Choo kilimchekesha kwa aibu, akasema yeye hawezi kujisaidia mahali anaposikia sufuria ikichemka. Nilifurahi sana jana. Naandika hivi nisije nikasahau, kwa sababu leo ni kama haikutokea.

Baada ya kula machalari ya zile ndizi zake akatoka nje. Nilidhani anatafuta mahali pa kumfunga kuku. Akazunguka nyumba, akarudi, akazunguka tena, akipita kiubavu kwenye uchochoro wa nyuma. Akaniuliza kama eneo lote ndilo hilo. Nikasema ndilo. Akauliza kama ule ukuta utavunjwa siku moja. Nikasema mama, ule ni wa mtu.

“Sasa mwanangu, na ukifa?”

Nikacheka, sahani mkononi. Yeye hakucheka.

“Ukifa utalazwa wapi?”

Kwetu watu huzikwa nyumbani, kwenye migomba. Babu yuko pale, bibi yuko pale, baba yuko pale na msalaba wake wa saruji. Mama huyafagia makaburi yale kila wiki kama anavyofagia ndani kwake. Makaburi ya mji, kwa anavyoyajua yeye, ni ya watu waliokosa wa kwao. Nikaona nimemwelewa. Anaogopa kufia huku Terrat, nikajisemea, anaogopa asije akaachwa mjini. Nikamshika mkono nikamwahidi kwamba siku yake ikifika nitamrudisha mwenyewe, atalala pembeni ya baba, na hakuna wa kuzuia.

“Mimi nina pangu,” akasema. “Pale hata Elibariki hapandi mti. Nakusema wewe.”

Akaanza kunieleza taratibu, kwa ile sauti anayofundishia watoto shule ya Jumapili. Mimi sikuolewa. Sina mtoto. Kule nyumbani sina mahali isipokuwa kwa mama. Maadamu yeye anakaa pale na moshi unatoka jikoni kwake, hakuna atakayesema ile kona ni tupu. Siku atakayotoa godoro lake, mashimo ya parachichi yatachimbwa mpaka mlangoni.

“Nikihama mimi, umehama na wewe. Utakuwa unakuja kwenu kama mgeni.”

Nina hasira za karibu, wateja wangu wanajua. Nikamwambia sitaki kona ya mtu. Nikamwambia nina nyumba yenye jina langu, niliyoinunua kwa mgongo huu unaouma. Nikamwambia nikifa hata wakinitupa porini sitajua. Hilo la mwisho ningeweza kulimeza. Lilitoka.

Mama akamtazama kuku kwa muda.

“Nyumba ni nzuri sana mwanangu,” akasema mwishowe. “Ila hapa ni pa kuishi tu.”

Pa kuishi tu!

Mimi nilidhani kuishi ndiyo shughuli yenyewe. Kumbe nimekuwa nikipima nyumba kwa vitanda vinavyoingia, na mama anapima kwa kitu kingine kabisa, ambacho hakuna dalali aliyewahi kunionyesha.

Hakulala hata usiku mmoja. Nilimwomba, nikambembeleza, mwishowe nikanuna kama mtoto. Akasema wiki hii Elibariki analeta watu wa kuchimba mashimo, na anataka wamkute. Akatandika upya kitanda alichokuwa amekikalia, akalainisha shuka kwa kiganja, akaufunga mlango wa chumba polepole. Gari lilipoondoka alinipungia mkono kwa furaha kabisa, kama mtu aliyetoka harusini. Nadhani alitaka majirani wapya wamwone akiwa na furaha.

Najua sheria. Najua mtoto wa kike ana haki, na ningeweza kumpeleka Elibariki kwenye baraza na pengine nikashinda. Lakini siku mama atakaposikia watoto wake wanasemana vibaya mbele ya watu, na majina yao yanaitwa kwa sauti, sijui kama atainuka tena kwenda kanisani. Na ukweli ni kwamba sitaki shamba. Sijui hata kupogoa kahawa. Nilichotaka ni mama akohoe chumba cha pili, nami nimsikie nikiwa kwenye cherehani yangu.

Nilitaka kumpa chumba. Yeye ananilindia kaburi. Sote wawili tumekuwa tukijinyima miaka yote hii, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na hatukuwahi kuulizana.

Asubuhi hii nilimpigia simu. Huko juu manyunyu ni mazito kuliko huku, nilisikia kabisa matone yakigonga ndoo aliyoiweka chini ya paa. Akasema amelala vizuri. Akaniuliza kama nimekula, kama nimemfungia kuku vizuri, kama baridi ya Terrat ni kali. Hakutaja la jana, nami sikulitaja. Tukaagana.

Nilipoweka simu mezani ndipo jambo liliponijia, na ndilo lililoniliza mpaka sasa.

Kona ile italindwa maadamu mama yu hai. Akitangulia yeye, kama kila mtoto anavyotegemea kumzika mzazi wake, moshi utakoma, na Elibariki atapanda. Ili nizikwe pale, inabidi nife kabla yake. Mama yangu si mjinga, hilo amelifikiria siku nyingi. Na hawezi kuniombea kifo, hata kwa bahati mbaya, hata ndotoni. Basi limebaki moja tu, nalo ni yeye asife. Mwanamke wa umri ule, na magoti yale, kwenye jiko lile linalovuja, amejipa kazi ya kutokufa kwa sababu yangu.

Nilikuwa na akiba kidogo ya kuweka vigae sebuleni. Sakafu itakaa hivi hivi. Jumamosi nitapanda Poli na bati na misumari, nimwezekee jiko, na kwanza kabisa nimwambie asante, maana jana sikusema.

Halafu nimwambie nini? Unamwambiaje mama yako kwamba anaweza kupumzika, kwamba mwanawe atalala popote?