Smith wa Cavan, McGowan wa Leitrim

Manchester, 10 Februari 1958

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mafua ya huku hayaniachi. Kifua chako je? Ile sweta unaivaa, au umemvalisha mbwa?

Mama, jana nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake Fergal. Mzee McGowan alitoka Leitrim, huko huko kwetu Ayalandi, zamani, lakini ukimsikia utadhani kashuka melini asubuhi. Tulicheka vizuri mpaka aliponiuliza, "Kwani wewe ni wa kina nani, binti?" Nikasema Smith. Akaweka kikombe chini. "Smith? Waingereza nimewavumilia kiwandani miaka yote. Nyumbani kwangu, hapana." Fergal hawezi kuoa bila baraka zake, mama yake alishafariki, wamebaki wawili tu. Nifanyeje?

Bintiyo,
Nuala

Cavan, 15 Februari

Nuala mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, kifua kinapiga filimbi kidogo tu, na mbwa hana sweta. Kunywa maziwa ya moto. Unakula lakini? Usinidanganye.

Barua yako imenikalisha chini. Waingereza! Sisi! Marehemu baba yako angefufuka. Mwambie huyo mzee aje asimame mlangoni mwa kanisa letu, aite "Smith!" aone vichwa vitakavyogeuka. Tumejaa hapa mpaka mtu wa posta anatutenganisha kwa majina ya utani: Smith Wekundu, Smith wa Darajani, na sisi Smith Bata. Wote hao Waingereza?

Kusoma sikusoma sana, lakini hili alinieleza babu yake baba yako. Zamani tuliitwa Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi. Waingereza walipotutawala, makarani wao hapa Cavan waliuliza jina lina maana gani, wakaandika hiyo maana kwa lugha yao: Smith. Kule Leitrim hawakuuliza, wakaandika walivyosikia: McGowan. Jina ni lile lile, mwanangu! Msomee haya polepole, na usimjibu vibaya. Mzee ni mzee.

Mama yako

Manchester, 23 Februari

Mama,

Pole na kifua. Mimi nakula, usiwe na wasiwasi.

Nilimsomea. Akalitamka lile jina kwa Kiayalandi, taratibu, mara mbili tatu, uso ukamlainika. Halafu akacheka mpaka akakohoa. "Smith Bata! Kumbe nimemfukuza bata wa bwawa letu wenyewe!" Nikajua yamekwisha.

Mara akakunja uso. "Ngoja kwanza. Kama jina ni moja, damu ni moja. Nyie ni ndugu. Hakuna harusi."

Fergal akapiga meza. "Baba! Juzi alikuwa mgeni mno, leo amekuwa ndugu mno?"

Mama, je, ikiwa ni kweli?

Nuala wako

Cavan, 30 Machi

Nuala mwanangu,

Habari za kimya? Najua ulidhani nimekufa. Sijafa. Ile barua yako ilinitia hofu, nikaona nisiandike neno nisilo na hakika nalo. Nimewauliza kina Smith wote wenye meno na wasio na meno, kila mmoja akanichanganya zaidi. Mwisho nikaenda kwa padri, nikinyata kama nimeiba.

Padri alicheka! "Mama Nuala, kila kijiji cha nchi hii kilikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi alikuwa na wanawe. Watu hawa wameunganishwa na nyundo, si damu. Nikiwakataza kina Smith kuoana, hapa nitambatiza nani?"

Nikamwambia basi, Baba, yaandike hayo hayo, yeye atamsikiliza mwenye kanzu kuliko mwenye bata. Akamwandikia Mzee McGowan. Jibu lilifika jana, padri akanisomea: "Nimekosa. Aje. Nitamsindikiza mwenyewe mpaka altareni, kwa kuwa baba yake hayupo."

Nililia hapo hapo ofisini, padri akatafuta leso asiipate.

Sasa jirani yangu amekuja kunipa pole, eti binti akiolewa ndiyo basi, jina la baba yake analiacha. Nimemwambia akanywe chai kwake. Mabinti wengine wanaliacha. Wa kwangu anakwenda kulichukua.

Mama yako