Velocidad mbele ya Mama Ursule

Lydie, niko nalia ndani ya choo. Usipige téléphone, andika tu.

Nephtali iko na mutoto. Fiancé yangu! Kule Espagne, Ulaya! Mutoto, Lydie!!

Bon, sikia. Mama yake, Mama Ursule, amefika leo toka Yanonge na samaki ya moshi. Tukamupigia Nephtali vidéo. Kamutoto kamoja kanakimbia nyuma yake. Yeye: «Ni mutoto ya voisin, jirani wa hapa.» Sawa.

Miye na kiburi yangu ya cours ya espagnol, luga ya kule! Nilitaka Mama asikie namna bokilo yake, mukamwana wake, anasema vizuri. Unajua lile neno «velocidad», mbio. Nephtali mwenyewe alinifundisha, kila mara réseau ya téléphone inakimbia tunalisema. Donc nikauliza mutoto kwa espagnol: nani kwenu iko na velocidad kupita wote?

Akamushika Nephtali shingo. «Mi papá.»

Mi papá, Lydie. Papa yangu.

Mama hakushituka, kwetu kila mwanaume ni papa. Akaniuliza tu: «Bokilo, kamesema nini?»

Nephtali ananiangalia kwa macho ya kuomba. Miaka tano namungojea, na hako kamutoto kako na mitatu hivi.

Nikasema: «Mama, kanasema papa yake njo anashinda wote kwa mbio. Papa yake wa kuzaa.»

Mama akasogea karibu na téléphone: «Mujukuu wangu, jina yako nani?»

Mutoto hakusikia kiswahili. Mama akanigeukia: «Bokilo, muulizie.»

Nikamuulizia, Lydie.