Tangazo la Moto la Mwenyekiti Gona

CHAMA CHA WAKAAZI WA JUMBA LA TULIA, JUNDA, KISAUNI

Kumbukumbu za kikao maalumu cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, katika ukumbi mdogo wa chini, mkabala na chumba cha mita za umeme, na baadaye uani.

WALIOHUDHURIA
Bw. Gona Munga – Mwenyekiti
Bi. Pascalia Mutua – Katibu
Bw. Jacktone Ogola – Mweka Hazina
Bi. Ruth Thoya – Mjumbe, ghorofa ya sita

MWALIKWA
Mhandisi Vivian Mkamburi, wa kampuni iliyotufungia mtambo wa kutangaza moto

ALIYEJIUNGA BAADAYE
Bi. Kaviha Thoya, mamake Ruth (alibebwa)

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bi. Mwanarehema Salim, yuko harusini Timbwani

ALIYEKOSA BILA UDHURU
Bi. Cindy Mwakio. Mlango wake umepakana na wa ukumbi na redio yake ilisikika kikao kizima.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilipangiwa saa nane mchana. Kilianza mwenyekiti alipofika. Alifungua kwa sala, kisha akatoa salamu za ufunguzi, ambazo Katibu hakuziandika zote kwa sababu daftari lina kurasa zake.

KUMB. NA. 2/6/2025: HALI YA MTAMBO

Mhandisi Vivian aliwakumbusha wajumbe kwamba mtambo tulio nao si king'ora cha kupiga kelele tu. Ukinusa moshi, unasema kwa sauti ya mtu, katika kila ghorofa, kwamba kuna moto na watu watoke. Maneno hayo, sauti yenyewe na nyaya zake zisizoungua upesi vilijaribiwa vyote pamoja kabla ya cheti kutolewa. Alisema leo alipopitia chumba cha mita alikuta kisanduku asichokijua, kimeunganishwa na mtambo kwa waya mwembamba wa kufungia taa za harusi. Aliuliza ni cha nani.

Mwenyekiti alieleza kwamba ni chake. Alisema siku ya majaribio aliisikiliza sauti ya awali akaona haya mbele ya wageni. Ni sauti ya msichana inayosema: "Kuna moto. Tokeni sasa kwa ngazi." Haina salamu wala tafadhali. Alisema hapa ni Mombasa, na watu wazima hawafukuzwi majumbani mwao kama kuku waliovamia unga. Kwa hivyo alimwita mpwa wake, anayerekodi nyimbo za harusi, wakatengeneza tangazo lenye adabu.

Mhandisi alisema kwa kufanya hivyo cheti kimekuwa picha ya ukutani. Mwenyekiti alijibu kwamba kipo ukutani na kimewekewa fremu nzuri. Mhandisi aliomba maji ya kunywa.

KUMB. NA. 3/6/2025: KUIDHINISHA TANGAZO JIPYA

Mwenyekiti aliomba kamati iidhinishe tangazo hilo, ambalo tayari limefungwa. Alilisoma akiwa amesimama. Ikumbukwe kwamba mwenyekiti ni mshereheshaji wa harusi wa miaka mingi, na sauti yake, mtu asimnyime haki, ni nzuri.

Tangazo linaanza kwa kinanda. Kisha: "Hodi hodi, wakaazi wa Jumba la Tulia. Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, hamjambo. Mwenye jumba popote ulipo, soja wetu hapo langoni, na wengine wote kwa vyeo vyenu, itifaki imezingatiwa. Ni mimi mwenyekiti wenu, Gona Munga. Kabla sijasema lililonileta, naomba kila mmoja aketi, atulize moyo."

Bw. Jacktone alitoa lalamiko. Alisema: "Mimi ndio nilizunguka milango yote kukusanya pesa ya hii mtambo, na jina yangu haiko. Soja ako, mimi siko!"

Mwenyekiti alimsahihisha: "Jina langu haliko."

Bw. Jacktone alisema la mwenyekiti liko, tena limetajwa kamili, na ndiyo maana analalamika. Mwenyekiti aliahidi kwamba jina la mweka hazina litaingizwa baada ya kinanda cha pili. Wajumbe walifahamishwa kwamba kipo kinanda cha pili.

Bi. Ruth aliuliza neno "moto" linatajwa wapi.

Mwenyekiti alijibu kwamba linatajwa mwishoni, kwa makusudi. Alisema habari nzito haitangazwi mlangoni. Mtu huingia, akasalimu, akaulizia watoto, akamkalisha mwenye nyumba, na hapo ndipo hufungua kinywa. "Ndivyo tulivyolelewa," alisema. "Hata wewe Ruth, babako alipofariki, mamako si alikalishwa kwanza?"

Bi. Ruth alisema ndiyo, alikalishwa, lakini babake alikuwa ameshafariki na hakukuwa na haraka. Alieleza kwamba mamake ana umri mkubwa na magoti mabovu, na hushinda peke yake juu huku yeye akiwa kazini. Akishuka ngazi hushuka upande upande, mikono yote miwili kwenye chuma, akipumzika kila ghorofa. Mtambo ulipofungwa alimfundisha: ukisikia yule msichana, hata kama uko chooni, shika njia. Sasa msichana ameondolewa kimyakimya. Alimwomba mwenyekiti, kwa heshima zote, amrudishe leo leo. Sauti yake ilikatika alipokuwa akisema hivyo, na mwenyekiti alimwomba asilete machozi kwenye mambo ya kamati.

Kura ilipigwa. Waliotaka tangazo la mwenyekiti libaki ni mwenyekiti na Bw. Jacktone. Aliyepinga ni Bi. Ruth. Katibu hana kura kwa mujibu wa katiba ya chama, jambo ambalo amelilalamikia tangu achaguliwe.

KUMB. NA. 4/6/2025: MPANGILIO WA MAJINA KATIKA TANGAZO

Hoja hii haikukamilika. Bw. Jacktone alikuwa akieleza kwa nini mweka hazina atangulie soja pale kinanda kilipoanza kulia kutoka kwenye vipaza sauti vya jumba zima.

Mwenyekiti alidhani mpwa wake anafanya majaribio. Aliomba kimya. Bi. Ruth alitoka mbio bila ruhusa ya kiti na akasikika akipanda ngazi. Mwenyekiti alielekeza iandikwe kwamba alitoka bila ruhusa, na imeandikwa.

Mhandisi alisema mtambo hauanzi wenyewe, kuna moshi. Mwenyekiti alimwomba asubiri kidogo kwa kuwa salamu za kina mama zilikuwa bado. Bw. Jacktone alisimama. Tangazo lilipofika "naomba kila mmoja aketi", Bw. Jacktone aliketi. Mlango ulikuwa wazi na wakaazi waliokuwa wakishuka walionekana wakiketi kwenye ngazi, mmoja na sufuria mkononi.

Moshi ulianza kutoka chini ya mlango wa chumba cha mita. Sauti ya mwenyekiti ilisema, "Kama mnavyojua, jumba letu hili limebahatika..." kisha ikazimika. Mhandisi alieleza baadaye kwamba ni ule waya wa taa za harusi ndio uliopata moto, na ukaondoka na kisanduku. Neno "moto" halikusikika ghorofa yoyote. Lilisemwa na Bi. Cindy, ambaye alitoka nje akalitoa kwa ukelele mmoja, na jumba lote likamiminika uani.

KUMB. NA. 5/6/2025: KUENDELEA KWA KIKAO UANI

Mwenyekiti alisema kikao hakijafungwa, kwa hivyo kinaendelea. Wakati huo Mhandisi alikuwa amekwenda kuukata umeme na kumimina mtungi wa kuzimia moto, na Bw. Jacktone na soja walikuwa wakikimbia na karai za mchanga. Katika hilo walifanya kazi vizuri bila kuulizana nani atangulie. Moto ulizimwa kabla haujatoka chumba cha mita, ila moshi ulikuwa umepanda hadi juu.

Bi. Ruth hakuwa ameonekana. Wajumbe waliangalia ngazi.

Hatimaye Bi. Ruth alitokea na majirani wawili wa ghorofa ya tano, wamembeba Bi. Kaviha akiwa juu ya kiti chake. Alikuwa akikohoa vibaya na kanga yake imejaa machozi. Bi. Ruth alisema alimkuta ameketi katikati ya chumba, mikono mapajani, moshi umetanda juu ya kichwa chake, na alikataa kuinuka. Bi. Ruth alisema mengine ambayo mwenyekiti aliomba yasiandikwe. Katibu alikubali, maana hata yeye aliona haya kuyaandika, ingawa yalikuwa ya kweli.

Kwa kauli moja, Mwenyekiti akiwemo, iliamuliwa sauti ya awali irudishwe kabla ya mtu yeyote kulala ndani. Mhandisi aliipakia tena na kuipima kila ghorofa, akakata kila waya ambao si wake.

KUMB. NA. 6/6/2025: MENGINEYO

Bi. Kaviha aliomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti alimpa, akamwamkia.

Bi. Kaviha alisema: "Marahaba. Hata kule juu nilikuitika. Nikasema, huyu ni Gona, mtoto wa watu, ana adabu. Kisha nikasikia waniambia niketi, nitulize moyo. Mtu mzima akiambiwa hivyo ajua kuna msiba. Nikaketi. Nikawahesabu wanangu mmoja mmoja, huyu yuko Mariakani, yule yuko baharini, nikilia, nikingoja unitajie. Ruth akaja kunivuta, nikamwambia niwache, sijaambiwa bado. Haya, niko hapa, nimeketi. Nambie, mwanangu. Ni nani aliyekufa?"



KUFUNGA

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kuongeza, kikao kilivunjika saa kumi na moja jioni bila salamu za kufungia.

Sahihi ya Mwenyekiti: G. Munga
Sahihi ya Katibu: P. Mutua