Kiganja cha Baba kwenye Foto ya Jiwe

Studio Nasoro,
Kamalondo, Lubumbashi.
Tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Yasmine,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Liège? Magoti yako je, na watoto wako wanaonisalimia kwa Kifaransa kana kwamba mimi ni mkaguzi wa shule? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwezi wa sita imefika. Asubuhi nafungua studio nimevaa makoti mawili, na Feza ananiambia kwamba kwa tumbo hili langu moja lingetosha. Wifi yako hajabadilika.

Asante kwa kisomo mlichomsomea Baba huko. Najua kilichokuuma: kuambiwa asubuhi amefariki, na alasiri amekwisha zikwa. Ndiyo desturi yetu, maiti hangoji ndege. Lakini ulilia peke yako, na hilo halinitoki moyoni.

Mara tatu umeniuliza kwenye simu, mimi kaka yako, "Yaya, ile foto Baba aliiona?" Mara tatu nimekujibu, "Aliiona, akafurahi." Yasmine, nilikudanganya. Ndiyo sababu nakuandikia barua, mimi ambaye hata jina la mteja nyuma ya foto naliandika kwa uvivu.

Foto ile ya zamani unaikumbuka. Baba mwaka 1979, kijana wa mashavu, yuko Kilimanjaro kando ya jiwe jeusi lenye mpasuko, kiganja chake kimebandikwa kwenye ukuta wa barafu. Ndiyo aliyoichora kwenye ukuta wa studio, na nusu ya Kamalondo imepigwa foto mbele yake. Hata wewe, wa miaka saba, umevalishwa kofia ya sufu katika joto la mwezi wa kumi, unatoka machozi na jasho pamoja. Ninayo bado. Usinichokoze.

Miguu ilipomkatalia mwaka huu, aliniita kitandani. "Djafari, wende kule. Utie mukono pale nilitiaka mukono, bakupige foto, uniletee. Nataka kuona kama ile barafu inanijua bado."

Basi nikapanda basi la Kasumbalesa, nikaikata Zambia yote, nikaingia Tanzania kwa Tunduma mpaka Moshi. Habari ya kupanda mlima nitaifupisha, maana heshima niliyobaki nayo ni ndogo. Wapagazi walinipita na meza vichwani. Bibi mmoja Mjerumani mwenye mvi alinipita, kisha akarudi kunipa peremende. Kiongozi wangu, Eliufoo, mwenyeji wa Moshi, alikuwa kila mara akinigeukia: "Pole pole, mzee wa Kongo. Mlima haufungwi saa tisa kama ofisi."

Siku ya nne tukafika kwenye kambi ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la barafu. Eliufoo akaishika foto ya Baba, akailinganisha na ukuta wa mlima, akatembea huku na huku, halafu akagonga jiwe kwa fimbo.

"Jiwe lako hili hapa."

Mpasuko ule ule. "Na barafu?"

Akanyoosha fimbo juu. Kulikuwa na kipande cheupe, mbali, kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. "Nilipoanza kazi hii, maji ya chai tulikuwa tunayapata hapa uliposimama," akasema. Kando ya jiwe kokoto tu na vumbi. Nilibaki na mkono hewani, sijui niutie wapi. Nikamwomba anifikishe kule juu. Akaitazama midomo yangu iliyokuwa imegeuka rangi, akakataa.

Hapo nikafanya la mtu wa studio. Nikampa kamera, nikamlaza kifudifudi kwenye vumbi, nikanyoosha mkono mpaka kiganja kikalingana na kile kipande. Ukitazama foto, utasema nimekigusa. Wateja wangapi nimewashikisha mwezi kwa njia hiyo! Kabla ya kushuka nikalipiga na jiwe peke yake. Miaka thelathini ya kazi, na hiyo ndiyo foto yangu ya kwanza isiyo na mtu.

Nyumbani nikamchapia Baba ile ya mkono, kubwa. Feza alikuwa amemaliza kumpaka mikono mafuta ya karafuu kwa ajili ya maumivu, kama kila siku, kwa hiyo foto nilimshikia mimi. Akaitazama sana kwa kile kioo chake cha kukuzia.

"Djafari, kivuli ya mukono iko wapi?"

Unakumbuka alivyotufundisha tulipokuwa tukimshikia taa: mkono ukigusa kitu, unakutana na kivuli chake.

"Weye unanidanganya na ujanja yangu mwenyewe?" Akacheka kidogo, akakohoa. "Iko mbali namna gani?"

Nikamwambia kweli: saa nzima ya kupanda, kwa mtu mwenye mapafu. Akageukia ukutani. "Ile siku nilitiaka mukono, nilisema mu roho: mimi nitaisha, ile itabakia." Afadhali angenitukana.

Kesho yake akauliza kama hakuna ingine. Nikamletea ya jiwe. Na Baba, yule yule aliyetuchapa vidole kwa rula kila tulipogusa uso wa foto, "Shika pembeni! Shika pembeni!", akaweka kiganja kizima, na mafuta yake, juu ya karatasi, kando ya jiwe, pale ilipokuwa barafu. Akakiacha hapo mpaka usingizi ukamchukua. Wiki tatu baadaye akatuacha.

Sasa swali lako nalijibu vizuri. Aliiona. Hakufurahi.

Ile ya jiwe, yenye kiganja chake, imo ndani ya bahasha hii, kati ya kadibodi mbili. Feza alitaka kuifuta kwa pamba iwe safi kwa safari, na huo ndio ugomvi wetu mkubwa wa mwaka. Za jiwe naweza kukuchapia mia. Hii ni moja.

Ile barafu ya ukutani bado ipo. Juzi maharusi wa Ruashi walisimama mbele yake, bibi harusi akaniuliza, "Hapa ni wapi, papa?" Nikamwambia ni kwa baba yetu.

Arobaini tutaisoma tarehe 22. Shangazi Ramla anakusalimu, anauliza kama huko unakula. Mwanangu Aboubakar naye anakusalimu. Nisalimie shemeji Katongo na hao wakaguzi wangu wadogo. Mungu akulinde ugenini, na Baba amwoshe kwa maji, kwa theluji na kwa barafu, kama tulivyomwombea mbele ya jeneza.

Ni mimi kaka yako mnene, akupendaye siku zote,

Djafari

Tena: foto uishike pembeni. Ila pale penye kiganja, mimi sina amri.