Foleni Inaanzia Kule

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamepatana na baridi ya huko. Sisi huku tupo, tunapumua. Mguu wa Mama bado umevimba, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Jana alimkaripia fundi bomba mpaka mtu wa watu akaondoka bila spana zake. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa anacheka hata pasipo na la kuchekesha, ili tu watu waone mapengo.

Umeniuliza mara mbili kwa nini picha ninazokutumia hazina mdogo wangu, yule uliyemlea Mama alipolazwa, ukambandika jina la Kijiko kwa sababu hakuachia kijiko chake hata usingizini. Nilikuwa nakukwepa. Naona haya, Shangazi, lakini afadhali uyasikie kwangu kuliko kwa watu.

Kijiko aliingia kwenye genge la wauza unga. Walimpa pikipiki na simu, kazi yake ikawa kukaa kwenye kona ya sokoni na kuwaambia wenzake gari la polisi likitokea. Sisi alituambia anasambaza vifurushi vya wateja. Tulimwamini, au tulijifanya tumeamini.

Mimi nilianza kushtuka saluni ninakosuka. Mwenye saluni, ambaye kwa umri ni mkubwa kwangu na hakosi neno la kumsuta mtu, akaanza kuniita dada. Bombani wanawake wakawa wananisogezea ndoo zao pembeni. Nikimpeleka Mama zahanati, foleni inafunguka yenyewe, hata wenye watoto wanaochemka homa wananipisha. Mwanzoni nilidhani wanauhurumia mguu wa Mama. Nilipokuja kujua wanaogopa nini, nilikuwa nimeshazoea kuingia wa kwanza, na nikaendelea kuingia wa kwanza.

Kisha genge likamuua mfamasia, rafiki yako yule aliyekuwa akikutilia dawa ya macho kwa mkono wake. Alikataa kuwafichia mzigo wao kwenye stoo yake. Walimpiga risasi mchana kweupe, kopo la vidonge mkononi na mteja mbele yake. Na Kijiko alikuwa pale kwenye kona, juu ya pikipiki, akiwachungia njia.

Msibani tulikwenda, maana kutokwenda kungekuwa kujitangaza. Tulipofika, watu waliinuka. Mke wa marehemu mwenyewe aliinuka kwenye kiti chake, Shangazi, ili Mama akae. Mama akakaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo serikali imekuja juu. Wanajeshi wameweka vizuizi darajani, na helikopta inapita karibu na mapaa mpaka vyombo vinalia kabatini. Sikufichi, wapo walioumizwa bure. Mtoto wa mwoka mikate alipigwa akavunjwa mkono na hakuwa na kosa lolote. Na askari mmoja tuliyezoea kutaniana naye, kumbe alikuwa analipwa na genge lenyewe. Ila safari hii wametangaza kwamba atakayejisalimisha na kusema mahakamani anachokijua, atalindwa na adhabu yake itapunguzwa.

Mama hakumbembeleza Kijiko. Alimpakulia chakula, akamsubiri amalize, akamwambia, "Umeshiba? Haya, vaa viatu, tunatoka mimi na wewe."

Kijiko akaishika meza. "Mama, hao jamaa wataniua."

"Bora wakuue unasema kweli," Mama akamjibu. "Mimi nimekalia kiti cha mjane. Sina tena aibu ya kuogopa."

Wakaenda kituoni kwa miguu, Mama akiwa amemshika mkono mwanaume mzima kama anampeleka chanjo. Kijiko amewataja waliofyatua risasi, kila mmoja kwa jina lake. Wengine wamekamatwa, waliobaki wameukimbia mtaa. Yeye anafichwa mahali tusipopajua mpaka siku ya kesi, na sijui kama nitamwona tena akiwa hai. Nikiwaza hilo, kitana kinaniponyoka mkononi.

Ungedhani hapo nimejifunza. Alhamisi nilimpeleka Mama zahanati. Nikapita kando ya benchi moja kwa moja hadi mlangoni, kama kawaida yangu. Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Dada, foleni inaanzia kule nyuma."

Hasira zikanipanda. Kabla sijajizuia, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Hivi hamjui mimi ni dada wa nani?"

Mama akauachia mkono wangu. Ndipo mke wa mfamasia, ambaye sikuwa nimemwona, akanijibu kutoka kwenye benchi bila hata kupandisha sauti.

"Tunajua. Mdogo wako kashajisalimisha. Umebaki wewe."

Akajibana akampa Mama nafasi pembeni yake, safari hii kwa ajili ya mguu tu. Mimi nikaenda nyuma, uso unawaka, nikasimama huko mpaka zamu yetu ikafika. Nimekaa mwaka mzima nikimlaani Kijiko kwa woga aliowatia watu, na kumbe mimi nilikuwa nautumia kama mali yangu.

Shangazi, usimtupe Kijiko. Kesi ikiisha salama, hataweza kuishi mtaa huu, na mimi sina mtu mwingine wa kumwombea mlango. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Nisalimie mumeo, na wale binamu zangu mapacha, na wifi yako wa huko anayecheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Mama anakusalimu sana. Mungu awafunike kwa rehema zake, na aliyetengana na watu wake amrudishe nyumbani.

Nilikuwa karibu kusahau. Tulipokuwa tunatoka zahanati, mke wa mfamasia aliulizia hali yako, akanituma nikusalimie. Nimezifikisha salamu zake, ingawa wakati ananipa nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Akupendaye pamoja na aibu yake yote,
Binti wa kaka yako.