Kutoka Roma hadi Vienna

Jumanne, Julai. Baridi, na ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Iveti tangu asubuhi.

Kwa zaidi ya miaka hamsini nimeficha kwamba nilimdanganya mama yangu kuhusu umbali wa kutoka Roma hadi Vienna. Moyo wangu umechoka, daktari hajanificha, na sitaki kuzikwa na uongo huu.

Nilikuwa nasoma Roma. Ndugu yangu mdogo, Mutua, alikuwa Vienna akisomea uhandisi. Akaugua ghafla. Mwenzake alinitumia telegramu: njoo upesi, anakuita. Mutua aliishi siku nne baada ya telegramu hiyo.

Mimi sikufika.

Niliporudi Kathiani, mama aliuliza jambo moja tu: kwa miguu ni siku ngapi? Safari zote alizipima hivyo. Nikamjibu kwamba ni zaidi ya mwezi, na katikati kuna milima ya theluji. Milima ipo kweli. Akaniamini, na tangu siku hiyo kila aliyeninyooshea kidole alijibiwa na yeye.

Kisha nikafundisha jiografia miaka thelathini. Wanafunzi wangu walipima umbali kwenye ramani kwa uzi na skeli: Nairobi hadi Kampala, Cairo hadi Khartoum. Ulaya niliiruka. Niliwaambia haitokei kwenye mtihani.

Mumbua, binti wa Mutua, hakuwahi kumwona baba yake. Nilimlea mimi. Leo alikuja kuniaga, kwa kuwa mwezi ujao anakwenda kuliona kaburi la baba yake huko Vienna, na ndege yake inapitia Roma. Alikuwa amenimenyea ndizi, kisha akawa anasoma simu.

"Baba Mkubwa, hapa wanasema Roma hadi Vienna ni kilomita mia saba na kitu. Saa moja na nusu angani. Mimi nikitoka Nairobi kuja kwako, foleni ya magari pale Mlolongo peke yake hunilia muda zaidi ya huo."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akanitazama, akaweka simu chini.

Ningeweza kumwambia kwamba siku zile hakukuwa na ndege. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini sina mtoto mwingine, na niliona kwamba nikimdanganya leo huenda nisipate siku ya kusahihisha. Nikamwambia yote.

Niliogopa atachukua mkoba wake aende zake na asirudi. Badala yake aliuliza kama nyanya yake alikufa bila kujua. Nikasema ndiyo.

"Ulimkosea, Baba Mkubwa. Hata mimi umenikosea," alisema. Kisha akanisogezea sahani. "Sasa maliza ndizi. Hizo dawa haziendi na tumbo tupu."

Alipoondoka nililala mchana kutwa, usingizi ambao sijaupata tangu nianze kuugua. Nimeamka kifua kikiwa chepesi. Sijui kama nimesamehewa. Najua tu kwamba hakuna tena kitu cha kuruka.

Nililomwambia naliandika hapa kwa mkono wangu, lisije likapambwa na watu matangani.

Ndege ilikuwepo, na tiketi nilikuwa nayo. Niliogopa kumwona ndugu yangu akifa. Jina langu liliitwa mara tatu kwenye kipaza sauti, nami nilikuwa nimekaa palepale, mbele ya mlango, nikisikia.